Trekta linalochemsha likilima: shajara ya kutafuta chanzo, MF 375, Hanang

Trekta ni Massey Ferguson 375, toleo lenye injini ya Perkins A4.236: silinda 4, lita 3.9, bila tabo. Linafanya kazi kwenye nyanda za ngano za Hanang, mkoani Manyara, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kimo hicho tunakitaja mapema kwa sababu kinaingia katika kila hesabu ya kuchemka iliyomo humu. Kwenye kimo kama hiki maji yaliyo kwenye chombo cha wazi huanza kuchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayasubiri 100. Nyuzi zote hapa ni za Selsiasi, na bei zote ni shilingi za Tanzania.

3 Novemba 2024: hali lilivyoingia

Dalili: likivuta plau ya sahani 3, mshale wa geji unaingia kwenye nyekundu baada ya dakika 20 hivi, na maji yanatoka kwa kishindo kwenye kimpira cha kumwagia. Barabarani na tela tupu halichemshi. Likisimama linanguruma bila mzigo, halichemshi hata saa nzima.

Dalili hizo peke yake zinapunguza orodha ya washukiwa. Injini inayochemsha hata ikiwa imesimama ina shida ya maji kutozunguka kabisa, au feni haifanyi kazi. Inayochemsha ikibeba mzigo tu, maji yanazunguka na hewa inapita, ila uwezo wa kutoa joto hautoshi. Washukiwa ni rejeta (kipooza maji kilicho mbele ya injini) iliyoziba kwa nje au ndani, mkanda unaoteleza, bati la feni, ukoko ndani ya bloku (mwili wa injini), mfuniko usioshika presha, au gasketi ya hedi (kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini) inayovujisha moshi kwenye maji.

Kabla ya kufika hapa trekta lilishatibiwa mara mbili bila kupimwa. Pampu mpya ya maji ilifungwa kwa 185,000, na hakuna kilichobadilika. Kisha themostati (vali inayoyafungulia maji njia ya rejeta yakipata moto) ikatolewa ikatupwa kwenye sanduku la spana, na hapo pia hakuna kilichobadilika. Ushauri wa tatu ulikuwa kufungua hedi, na makadirio ya gasketi, kusawazisha hedi kwa mashine na ufundi yalikuwa 650,000. Shajara hii ilianzishwa ili hedi isifunguliwe kwa kubahatisha.

Themostati iliyotolewa imetupa jambo moja la bure. Njia ya maji kwenda kwenye rejeta iko wazi muda wote, na bado linachemsha. Kwa hiyo themostati kugoma kufunguka si chanzo cha tatizo tunaloliona sasa. Lakini kuliacha trekta bila themostati si tiba. Asubuhi injini inachelewa kupata moto, dizeli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, na pete za pistoni zinalika. Itarudishwa mwishoni. Kwa sasa tumeiacha nje ili vipimo vyote vifanyike katika hali moja.

Utaratibu wa kupima tuliokubaliana ni huu. Kipande kilekile cha shamba, plau ileile, kina cha sentimita 20, gia ileile, mizunguko 1,800 kwa dakika, kati ya saa 8 mchana na saa 10 alasiri. Kinabadilishwa kitu kimoja tu, kisha linapimwa. Kila mara tunaandika joto la maji ya tenki la juu na joto la hewa kivulini, tunatoa la pili kwenye la kwanza. Jibu tunaliita pengo. Bila pengo utafurahia matengenezo kumbe siku hiyo kulikuwa na mawingu.

Dereva ameelekezwa hivi: mshale ukigusa nyekundu, aondoe mzigo, aiache injini ingurume taratibu dakika 3 hadi 5 ndipo azime. Ukizima ghafla, maji yanasimama wakati hedi bado imebeba joto lote, na hapo ndipo hedi inapopinda. Mfuniko haufunguliwi mpaka tenki la juu liguswe kwa mkono bila kuunguza. Maji ya baridi hayamwagwi kwenye injini ya moto hata kama kazi inasubiri.

5 Novemba: je, geji inasema kweli?

Kipimajoto cha pini (15,000) kimetumbukizwa kwenye shingo ya rejeta mfuniko ukiwa nje, injini ikipashwa moto taratibu. Maji yalipokuwa nyuzi 80, mshale wa geji ulikuwa pale ambapo kwa kawaida unapaswa kuwa nyuzi 87 hivi. Geji inazidisha. Waya wa ardhi wa dashibodi ulikuwa na kutu. Umepigwa msasa na kukazwa, na kosa likapungua hadi nyuzi 2. Gharama: hakuna.

Hili halikuwa tatizo lenyewe, kwa sababu maji yalikuwa yanachemka kweli. Lakini kuanzia hapa namba za dashibodi zinaaminika kiasi, na zile tunazoandika ni za kipimajoto, si za geji.

6 hadi 8 Novemba: mfuniko, na kosa letu la kwanza

Mfuniko wa rejeta una kazi moja kubwa: kuyashikia maji presha ili yachelewe kuchemka. Uliokuwepo mpira wake umekauka na kupasuka, springi ukiibonyeza kwa kidole inalala bila ubishi. Ulikuwa haushiki presha yoyote. Maana yake, kwa kimo chetu, maji yalikuwa yanachemka kwenye nyuzi 95. Injini ya dizeli iliyo chini ya mzigo hufanya kazi kwenye nyuzi 80 na kitu hadi 90 na kitu. Trekta hili lilikuwa limebakiwa na nafasi ndogo mno kati ya joto la kazi na joto la kuchemka. Lingekuwa Tanga au Bagamoyo, mfuniko uleule mbovu ungekuwa na nyuzi 5 zaidi za kusamehe.

Dukani tulinunua mfuniko ulioingia shingoni (12,000) bila kusoma namba. Ulikuwa wa gari dogo, wa pauni 13 kwa inchi ya mraba. Mfuniko wa asili umegongwa 7. Tulipolima, maji yalifika nyuzi 106 bila kumwagika, na kwenye dakika ya 22 mshono wa tenki la juu la rejeta ukaachia. Rejeta hii ni ya shaba na mishono yake imeshikwa kwa risasi; haikutengenezwa kwa presha hiyo. Kuziba mshono: 30,000 na siku moja na nusu.

Kwa hiyo ukinunua mfuniko angalia mambo mawili. La kwanza ni namba ya presha, ifanane na ya asili, isizidi. La pili ni kina cha shingo: mpira wa chini wa mfuniko ni lazima uguse na kubonyea kwenye ukingo wa ndani. Mfuniko mfupi unafunga vizuri kwa juu na haushiki chochote ndani. Paka ukingo wa ndani chokaa au masizi, funga, fungua. Mpira ukitoka na alama ya duara kamili, umegusa.

Mfuniko sahihi wa pauni 7: 18,000. Kwa presha hiyo, hapa kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 107 hivi.

Kipimo cha tarehe 8: dakika 25, maji nyuzi 104 na yanaendelea kupanda, hewa 28. Tumesimamisha. Pengo ni 76. Maji hayamwagiki tena, na mtu anaweza kudhani amepona. Hajapona. Mfuniko mbovu ulikuwa unaficha ukubwa wa tatizo, kwa kuwa maji yanayochemka hayapandi tena joto. Yanageuka mvuke tu. Sasa tunaona joto halisi ambalo injini ilikuwa inashindwa kulitoa.

10 Novemba: nje ya rejeta

Kati ya wavu wa mbele na rejeta kulikuwa na makapi ya ngano na vumbi lililoshikana na oili hadi kuwa kama udongo wa kukandika nyumba. Ukitazama kwa mbele rejeta inaonekana safi. Uchafu umejificha katikati ya mapezi, yaani vibati vyembamba vya rejeta. Njia ya kuuona: washa tochi upande wa feni usiku, simama mbele. Ambako mwanga haupiti, hewa haipiti. Kwetu mwanga ulipita karibu nusu ya eneo.

Feni ya trekta hili inavuta hewa kutoka mbele kwenda kwenye injini. Uchafu umesukumwa kuingia ndani, kwa hiyo unatolewa kwa kuusukuma kurudi ulikotoka, yaani kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mwanzoni tulipuliza kutoka mbele na kuushindilia zaidi. Tukarudia kwa njia sahihi: sabuni ya unga iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, ikapakwa ikaachwa nusu saa kulainisha oili, kisha maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa feni. Mashine ya kuoshea magari ililaza mapezi eneo la kiganja kwa sekunde mbili, ikazimwa. Mapezi yaliyolala yameinuliwa moja moja kwa ncha ya kisu butu. Ilichukua karibu saa 3.

Kusafisha bila kuziba oili ni kazi ya wiki moja tu. Oili ilitoka kwenye klempu ya mpira wa usukani. Klempu mpya: 6,000.

Kipimo: maji yametulia nyuzi 100 baada ya dakika 40, hewa 28. Pengo 72.

12 Novemba: mkanda na bati la feni

Mkanda wa feni ulikuwa unang'aa kwenye mbavu kama kioo. Mkanda wenye umbo la V hushika kwa mbavu. Ukiona umezama hadi unagusa chini ya mfereji wa puli, umelika, na kuukaza hakusaidii. Umebadilishwa (22,000). Umekazwa hadi ukiubonyeza kwa dole gumba katikati ya sehemu ndefu unalegea milimita 10 hivi. Ukikaza kupita hapo unaua beringi ya pampu ya maji.

Bati linalozunguka feni halikuwepo kabisa. Huenda lilitolewa wakati pampu inabadilishwa na halikurudi. Watu wengi wanaliona kama pambo. Bila hilo, feni inavuta hewa ya moto ya pembeni mwa injini na kuizungusha papo hapo, badala ya kuilazimisha ipite kwenye rejeta. Pembe za rejeta hazipati hewa kabisa. Fundi wa mabati amekunja jipya kwa 40,000. Nafasi kati ya ncha za feni na bati ni milimita 20, na feni imeingia ndani ya bati karibu nusu ya upana wa mapanga yake. Ukiiingiza yote au kuiacha yote nje, inavuta vibaya.

Kipimo: nyuzi 96, hewa 29. Pengo 67.

Kwa mfuniko mzima, nyuzi 96 hazichemshi. Wapo wangelirudisha trekta shambani leo. Lakini huu ni Novemba na udongo bado laini. Ukiingia kwenye udongo mgumu au siku ya nyuzi 34, hakuna akiba iliyobaki.

14 Novemba: je, gasketi ya hedi inavujisha?

Kipimo hiki ndicho kilichopaswa kufanywa kabla mtu hajataja kufungua hedi. Hakihitaji kifaa.

Mara ya kwanza tulikifanya vibaya. Tulifungua mfuniko injini ikiwa ya uvuguvugu, tukawasha, tukaona mapovu yanapanda kwenye shingo ya rejeta, na karibu tukubali kwamba gasketi imekwenda. Lakini mapovu yanaweza pia kuletwa na pampu inayonyonya hewa kwenye klempu legevu ya mpira wa chini, maana upande huo ni wa kunyonya.

Namna sahihi: injini iwe ya baridi kabisa. Toa mkanda wa feni ili pampu isizunguke. Fungua nyumba ya themostati, jaza maji hadi yaonekane hapo juu. Washa, ongeza mafuta kwa mikupuo mifupi, na tazama maji. Usizidishe dakika 2, kwa kuwa maji hayazunguki. Gasketi iliyotoboka, au hedi yenye ufa, itatoa mapovu mfululizo yanayoongezeka kila unapokanyaga mafuta.

Yetu haikutoa hata povu moja. Tulirudisha mkanda, tukakaza klempu ya mpira wa chini, na yale mapovu ya mwanzo hayakurudi. Oili kwenye kijiti haina rangi ya maziwa, na moshi mweupe asubuhi haupo. Hedi inabaki imefungwa.

15 Novemba: kipimajoto cha miale

Kipimajoto cha miale (60,000) kinapima joto bila kugusa. Ni ghali kwa kazi moja, ila kitatumika kwenye beringi, breki na kila kitu.

Tahadhari: chuma au shaba inayong'aa inakidanganya kifaa hiki. Tenki la juu lililosuguliwa lilisoma nyuzi 61 wakati maji ndani yake yalikuwa 94. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme kila mahali utakapopima, usome juu ya utepe. Sehemu zilizopakwa rangi nyeusi isiyong'aa hazihitaji.

Masomo, mara baada ya kulima dakika 40: tenki la juu 95, tenki la chini 79. Tofauti ni nyuzi 16.

Namba hii inasema mengi. Trekta likiwa kwenye mzigo, tofauti ya juu na chini kwa kawaida ni kama nyuzi 6 hadi 10. Ikiwa ndogo mno huku pote pakiwa moto, maji yanapita lakini hewa haiyapoozi: tatizo liko nje, kwenye mapezi, feni au mkanda. Ikiwa kubwa kama yetu, maji machache yanapita polepole na kupoa sana njiani: tatizo liko ndani, kwenye njia ya maji.

Tukapima uso wa rejeta mraba kwa mraba. Sehemu kubwa ilisoma kati ya 82 na 86. Theluthi ya chini upande wa kushoto ilisoma 58. Rejeta haiwi baridi sehemu moja kwa sababu njema. Vibomba vya hapo havipitishi maji.

Kisha mpira wa chini. Kwenye mizunguko 2,000 ulinyweka ukawa bapa kama utepe. Ndani yake hapakuwa na springi ya kuushikilia, na rejeta iliyoziba iliifanya pampu inyonye kwa nguvu zaidi. Hili ni kosa linaloonekana injini ikienda kasi tu, kwa hiyo ukikagua gereji injini ikiwa imezimwa hutaliona kamwe. Mipira miwili mipya, wa chini ukiwa na springi, na klempu nne: 48,000.

18 hadi 23 Novemba: rejeta na bloku

Maji yalipotolewa yalipimwa kwa ndoo: lita 12.5, rangi ya chai ya rangi. Kizibo cha kutolea maji ubavuni mwa bloku kilipofunguliwa hakikutoa hata tone. Tope lilikuwa limejaa nyuma yake. Waya mgumu wa milimita 3 uliingizwa na kuzungushwa, na baada ya dakika chache likaanza kutoka tope jeusi lenye mabamba ya kutu. Kama unatoa maji kwa kufungua rejeta peke yake, maji machafu ya bloku hayatoki. Yanabaki kuzunguka silinda za nyuma, ambako maji huenda polepole zaidi.

Chanzo cha yote haya ni maji ya kisima. Maji ya huku yana chumvi na magadi. Kila yanapomwagika na kujazwa upya, chumvi mpya inaingia na kuganda kwenye ukuta wa moto, kama ukoko wa birika. Ukoko hupitisha joto vibaya mno kuliko chuma: milimita 1 tu inazuia joto kama sentimita kadhaa za chuma cha bloku. Na trekta hili lilikuwa linajazwa lita 3 au 4 kila siku ya kulima.

Rejeta ilipelekwa kwa fundi, tenki la juu na la chini zikatolewa, vibomba vikachokonolewa kimoja kimoja kwa bapa la chuma. Vibomba 31 vilikuwa vimeziba kabisa. Gharama 150,000. Kumwaga dawa bila kutoa tenki kusingesaidia, kwa sababu dawa hupita kwenye vibomba vilivyo wazi na haiingii vilivyoziba.

Bloku imeoshwa kwa asidi ya limao ya unga, gramu 50 kwa kila lita ya maji. Hapa tulikosea tena kwa mpangilio. Tulikuwa tayari kuifunga rejeta iliyotoka kusafishwa kisha tuoshe mfumo wote pamoja. Fundi wa rejeta alituzuia: ukoko ukibanduka kwenye bloku unakwenda kukaa kwenye vibomba. Kwa hiyo bloku imeoshwa peke yake, mipira miwili ikiunganishwa kwa bomba na kupitia kwenye pipa lenye chujio la kitambaa. Injini ilingurumishwa taratibu, maji yakiwa nyuzi 60 hadi 70, saa 2. Maji yalitoka ya kijani chafu. Mara ya pili, saa 1, yakatoka ya manjano hafifu. Kisha maji yenye bakingi soda kuua asidi, kisha maji matupu mara tatu. Asidi kilo 2 na bakingi soda: 24,000. Kama rejeta yako ni ya alumini, usiipitishie dawa hii.

Baada ya kuosha, kizibo kimoja cha bloku kikaanza kutokwa na machozi. Kutu ndiyo iliyokuwa inakiziba, asidi ikaila. Viwili vimebadilishwa kwa 16,000. Bora kivujie gereji kuliko katikati ya msimu, na yeyote atakayeosha bloku ya zamani anunue vizibo kabla hajaanza.

Mfumo ulipojazwa tena umepokea lita 14. Lita 1.5 iliyoongezeka ni nafasi iliyokuwa ya tope.

24 Novemba: kipimo kabla ya themostati

Maji nyuzi 81, hewa 29. Pengo 52. Juu 81, chini 73, tofauti 8. Theluthi ya chini kushoto sasa inasoma 75.

25 Novemba: themostati

Ya zamani iliyotoka kwenye sanduku ilikuwa imeganda ikiwa imefunga. Huenda ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Sasa haina umuhimu.

Themostati mpya hupimwa kabla ya kufungwa, hata ikiwa ndani ya boksi lake. Iliyogongwa 82 inapaswa kuanza kufunguka karibu na namba hiyo na kuwa wazi kabisa kati ya nyuzi 92 na 98. Hapo kuna mtego wa kimo: sufuria yetu inachemka kwenye 95 na haiendi zaidi, kwa hiyo huwezi kuiona ikifunguka hadi mwisho. Ongeza chumvi. Kilo 1 kwenye lita 4 za maji inapandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 4 hivi, ukafika 99. Themostati ining'inizwe kwa uzi, isiguse chini ya sufuria, kwa kuwa chini kuna moto zaidi ya maji. Baada ya hapo ioshwe kwa maji safi mara moja.

Ya kwanza tuliyonunua ilianza kwenye 81, vizuri, lakini kwenye 98 ilikuwa imeinuka milimita 3 tu. Ingefungwa bila kupimwa, trekta lingechemsha tena na tungeanza kuilaumu rejeta. Duka liliibadilisha. Ya pili ilianza kwenye 80 na ikafika milimita 9. Pamoja na gasketi ya nyumba yake: 41,000.

Wakati wa kufunga, kijitundu chenye kipini kinachocheza kielekee juu ili hewa itoke. Yetu hakikuwepo, tumetoboa tundu la milimita 3 kwenye ukingo. Mfumo ujazwe polepole, mpira wa juu ukikamuliwa kwa mkono, kisha injini ingurume mfuniko ukiwa nje hadi themostati ifunguke na kiwango kishuke, ndipo uongeze. Hewa ikinaswa chini ya themostati, themostati inakaa kwenye mvuke, haihisi joto la maji, na injini inachemsha siku ya kwanza ya matengenezo.

Kilichojazwa: kulenti (dawa ya maji ya rejeta) lita 7 (70,000) na maji ya mvua lita 7, yaliyokingwa kwenye bati baada ya manyunyu ya kwanza kuosha vumbi. Kwetu kulenti haiwekwi kwa ajili ya baridi; kazi yake ni kuzuia kutu na kupandisha kidogo kiwango cha kuchemka.

27 Novemba: kipimo cha mwisho

Saa 2 mfululizo, hewa ikipanda kutoka 27 hadi 31. Maji yalikaa kati ya 85 na 87 muda wote. Sasa pengo halina maana tena, kwa kuwa themostati ndiyo inayoamua joto, na hiyo ndiyo hali tuliyoitaka: haijafunguka yote, akiba ipo.

Vitu vilivyokaguliwa pembeni na kukutwa salama: mistari ya pampu ya dizeli na kava ya mbele imelingana (pampu iliyochelewesha kupiga inaongeza joto), moshi si mweusi, filta ya hewa safi, breki hazikamati.

Gharama

Vipimajoto viwili 75,000. Mifuniko miwili na kuziba mshono 60,000. Klempu ya usukani 6,000. Mkanda 22,000. Bati 40,000. Mipira 48,000. Rejeta 150,000. Asidi na soda 24,000. Vizibo 16,000. Themostati 41,000. Kulenti 70,000. Dizeli ya majaribio lita 55, 165,000. Jumla 717,000.

Ndani yake 42,000 ni za kosa la mfuniko. Pampu ya 185,000 iliyofungwa kabla haijahesabiwa. Dizeli ya majaribio inaonekana kubwa, lakini bila hiyo tusingejua kipi kilipunguza nyuzi ngapi: usafi wa nje 4, mkanda na bati 5, ndani ya rejeta na bloku pamoja na mipira 15.

16 Januari 2025: saa 60 za kazi baadaye

Maji yaliyoongezwa tangu 27 Novemba: nusu lita. Joto likilima 86, hewa 32. Tenki juu 86, chini 78. Taa ya tochi inapita pote isipokuwa ukanda mwembamba chini. Umeoshwa kwa sabuni kutoka upande wa feni.

Kitundu kilicho chini ya pampu ya maji kimeanza kutoa tone moja kila dakika chache injini ikiwa baridi, kikikauka ikipata moto. Hiyo ni sili ya pampu, na ni ileile pampu iliyofungwa bila kuhitajika. Kisizibwe kwa gundi wala kijiti. Maji yakikosa pa kutokea yataingia kwenye beringi. Tumeweka kopo chini yake usiku: mililita 20 kwa usiku mmoja. Ikifika 100 sili itabadilishwa. Kipimo kijacho ni baada ya saa 100 nyingine, au mara tu haro itakapoanza.